Terry Fox

Terry Fox (jina kamili: Terrance Stanley Fox, Winnipeg, Manitoba, 28 Julai 1958 – New Westminster, British Columbia, 28 Juni 1981) alikuwa mwanariadha wa Kanada aliyepoteza mguu wa kulia kwa saratani ya mfupa akiwa na umri wa miaka 18. Anajulikana hasa kwa mbio zake za mwaka 1980, zilizoitwa Marathoni ya Matumaini. Katika mbio hizo alikimbia kwa mguu bandia kilomita 5,373 kutoka pwani ya Atlantiki, akikusanya fedha kwa ajili ya utafiti wa saratani.

Saratani ilimrudia kabla hajafika pwani ya Pasifiki, na alifariki mwezi mmoja kabla ya kutimiza miaka 23. Maisha yake hutajwa mara nyingi panapozungumzwa tiba ya utengemao, yaani huduma zinazomsaidia mgonjwa wa saratani kurudisha nguvu, mwendo na nafasi yake katika jamii baada ya matibabu.

Maisha ya awali

Terry alikuwa mtoto wa pili kati ya wanne wa Rolland na Betty Fox. Ndugu zake waliitwa Fred, Darrell na Judith. Baba yake alifanya kazi katika shirika la reli. Mwaka 1966 familia ilihamia Surrey katika jimbo la British Columbia, na mwaka 1968 ikahamia mji wa Port Coquitlam ulio karibu na Vancouver. Huko ndiko Terry alikokulia.

Tangu utotoni alipenda michezo, hasa mpira wa kikapu, ingawa alikuwa mfupi na hakuwa na kipaji kikubwa. Alipojiunga na timu ya shule akiwa darasa la nane alikuwa wa mwisho kati ya wachezaji 19, na msimu mzima aliingia uwanjani kwa muda mfupi mno. Mwalimu wa michezo alimshauri ajaribu mbio za nyika. Terry alikubali kukimbia kwa sababu alimheshimu mwalimu huyo, lakini aliendelea na mazoezi ya kikapu kila siku. Miaka miwili baadaye alikuwa mmoja wa wachezaji wa kuanza mechi. Alipomaliza shule alishiriki tuzo ya mwanamichezo bora wa mwaka pamoja na rafiki yake Doug Alward.

Baada ya hapo alijiunga na Chuo Kikuu cha Simon Fraser kusomea sayansi ya mwendo wa mwili. Alikusudia kuwa mwalimu wa mazoezi ya viungo. Chuoni alipata nafasi katika timu ya kikapu ya vijana.

Kuugua

Tarehe 12 Novemba 1976 gari alilokuwa akiendesha liligonga nyuma ya gari lingine. Gari lake liliharibika, lakini yeye alitoka na maumivu ya goti la kulia tu. Mwezi uliofuata maumivu yalirudi, naye akayavumilia ili amalize msimu wa kikapu. Kufikia Machi 1977 yalikuwa makali kiasi cha kumpeleka hospitali, na huko iligundulika kwamba ana osteosakoma. Terry mwenyewe aliamini kuwa ajali ilidhoofisha goti lake, lakini madaktari hawakuona uhusiano kati ya ajali na saratani hiyo.

Osteosakoma ni saratani inayoanzia ndani ya mfupa. Huwapata zaidi vijana walio katika umri wa kukua haraka, na mara nyingi hutokea karibu na goti. Hatari yake kubwa ni kusambaa kupitia damu hadi kwenye mapafu. Miaka ile matibabu ya kawaida yalikuwa kuukata mguu juu ya sehemu yenye uvimbe, kisha kumpa mgonjwa dawa kali za kuua seli za saratani, yaani tibakemikali.

Terry aliambiwa kwamba mguu wake lazima ukatwe, kwamba atapewa tibakemikali, na kwamba nafasi yake ya kupona ni nusu kwa nusu. Aliambiwa pia kuwa miaka miwili tu nyuma nafasi hiyo ingekuwa asilimia 15. Tofauti hiyo ilimkaa moyoni: alielewa kwamba uhai wake ulitegemea utafiti uliokwisha kufanywa na watu wengine kabla yake.

Usiku wa kuamkia upasuaji, aliyekuwa kocha wake wa kikapu shuleni alimletea gazeti lililokuwa na habari za Dick Traum, Mmarekani aliyekatwa mguu ambaye mwaka 1976 alimaliza mbio za marathoni za New York kwa mguu bandia. Asubuhi yake mguu wa kulia wa Terry ulikatwa juu ya goti.

Kurudi kwenye mwendo

Mtu aliyekatwa mguu juu ya goti ana kazi kubwa zaidi ya kujifunza kutembea kuliko aliyekatwa chini ya goti, kwa kuwa amepoteza viungo viwili kwa pamoja, goti na kifundo cha mguu. Kwanza kigutu, yaani sehemu ya mguu iliyobaki, lazima kipone na kupungua uvimbe. Misuli ya nyonga, tumbo na mgongo inahitaji kuimarishwa. Kisha mgonjwa hutengenezewa mguu bandia wenye kikombe kinachoshika kigutu, na kujifunza kuuegemezea uzito wa mwili bila kuanguka. Kwa mgonjwa wa saratani mambo huwa magumu zaidi, kwa sababu mazoezi hayo huenda sambamba na dawa zinazoleta kichefuchefu, uchovu na upungufu wa damu.

Terry alianza kutembea kwa mguu bandia wiki tatu baada ya upasuaji, na muda mfupi baadaye alikuwa akicheza gofu na baba yake. Wauguzi na madaktari walivutiwa na jinsi alivyojituma. Matibabu ya tibakemikali yalidumu miezi 16 katika kituo cha saratani cha British Columbia. Nywele zake zilinyonyoka. Kilichomuumiza zaidi ni mateso ya wagonjwa wenzake wodini, wengi wao wakiwa watoto na vijana, na vifo vya baadhi yao. Alitoka hapo akijiona ana deni kwa wale aliowaacha.

Katika kiangazi cha mwaka 1977 Rick Hansen, kijana mwenye ulemavu aliyekuwa akifanya kazi na chama cha michezo ya viti vya magurudumu, alimwalika ajaribu kikapu cha walemavu. Terry alikuwa bado anapata tibakemikali, lakini alikubali. Alijifunza kuendesha kiti mpaka mikono ikatoka malengelenge, na kabla ya miezi miwili kupita alichaguliwa kwenda mashindano ya taifa mjini Edmonton. Akiwa na timu yake alitwaa ubingwa wa taifa mara tatu, na mwaka 1980 alitajwa miongoni mwa wachezaji bora wa Amerika Kaskazini.

Mchezo huo ulimrudishia mambo yanayolengwa na tiba ya utengemao kwa jumla: nguvu za mwili, marafiki, shughuli ya kila siku na hali ya kujiona mtu wa kufaa tena.

Maandalizi ya mbio

Kadiri afya yake ilivyoimarika, Terry alizidi kukasirishwa na uchache wa fedha zilizotengwa kwa utafiti wa saratani nchini Kanada. Mwezi Februari 1979 alianza kufanya mazoezi ya kukimbia. Aliwaambia watu wa nyumbani kwamba anajiandaa kwa marathoni ya kawaida, kumbe alikuwa na mpango wa kuvuka nchi nzima.

Miguu bandia ya wakati huo ilitengenezwa kwa ajili ya kutembea, si kukimbia. Goti la bandia lilichelewa kurudi mbele, kwa hiyo Terry alilazimika kuruka mara mbili kwa mguu mzima wa kushoto kila alipopiga hatua moja ya mguu wa kulia. Mwendo huo wa kuruka na kuchechemea ndio uliokuja kujulikana na kila Mkanada. Kila hatua iliupiga mfupa wa kigutu, ngozi ikachubuka na kutoa damu, na mguu wa kushoto ukaota malengelenge na kung'oka kucha. Mwenyewe alisimulia kwamba baada ya dakika kama 20 za mwanzo maumivu yalikuwa yakipita kiwango fulani, na kuanzia hapo alikuwa akiweza kuendelea.

Agosti 1979 alishiriki mbio za barabarani mjini Prince George. Alimaliza wa mwisho, dakika kumi nyuma ya aliyemtangulia, lakini wanariadha wenzake na watazamaji walimpokea kwa shangwe na machozi. Ndipo alipowafunulia wazazi wake mpango wake kamili. Mama yake aliupinga mwanzoni, akihofia afya yake, kisha akakubali. Katika miezi 14 ya mazoezi Terry alikimbia zaidi ya kilomita 5,000.

Tarehe 15 Oktoba 1979 alikiandikia Chama cha Saratani cha Kanada kuomba kiunge mkono mbio hizo. Viongozi wa chama walikuwa na mashaka. Walimtaka atafute wadhamini na alete cheti cha daktari wa moyo, kwa kuwa vipimo vilikuwa vimeonyesha kwamba chumba cha kushoto cha moyo wake kimetanuka. Madaktari walimweleza hatari zake, naye akaahidi kusimama mara moja akiona dalili za ugonjwa wa moyo. Kampuni ya Ford ilitoa gari la kulala, Imperial Oil mafuta, na Adidas viatu. Terry alikataa msaada wowote uliomtaka atangaze bidhaa, na aliagiza kwamba mtu yeyote asipate faida kutokana na mbio hizo.

Marathoni ya Matumaini

Tarehe 12 Aprili 1980 alichovya mguu wake bandia katika Bahari ya Atlantiki kwenye mji wa St. John's, Newfoundland. Alijaza chupa mbili za maji ya bahari, moja ya kuweka kumbukumbu na nyingine ya kumimina katika Bahari ya Pasifiki atakapofika. Doug Alward aliendesha gari na kumpikia.

Siku za mwanzo zilikuwa ngumu. Alikutana na upepo mkali, mvua na theluji, na katika miji mingi hapakuwa na mtu aliyekuwa na habari naye. Mambo yalianza kubadilika Port aux Basques, mji mdogo wa watu wapatao 10,000, ambao ulimchangia zaidi ya dola 10,000. Kutokana na hapo Terry aliona kwamba inawezekana kupata dola moja kwa kila mkazi wa Kanada.

Uchovu na kuishi pamoja ndani ya gari dogo vilileta ugomvi kati yake na Doug, mpaka wakafikia kutosemeshana. Wazazi wa Terry walisafiri hadi Nova Scotia kuwapatanisha, na baadaye mdogo wake Darrell, aliyekuwa na miaka 17, alijiunga nao katika jimbo la New Brunswick. Huko Quebec, ambako wasemaji wa Kifaransa ni wengi na habari zake zilikuwa hazijaenea, michango ilikuwa michache na baadhi ya madereva walimsukumia pembezoni mwa barabara. Alifika Montreal tarehe 22 Juni akiwa amemaliza theluthi moja ya safari, na fedha zilizokusanywa zilizidi dola 200,000.

Wakati huo Isadore Sharp, mwanzilishi wa hoteli za Four Seasons, aliyekuwa amempoteza mwanawe kwa saratani, aliahidi kuchangia dola mbili kwa kila maili na kuyahimiza makampuni mengine mengi kufanya vivyo hivyo. Jambo hilo lilimpa Terry moyo. Alipoingia Ontario hali ilikuwa imegeuka kabisa: watu walipanga mistari barabarani, na polisi walimsindikiza. Mjini Ottawa alikutana na waziri mkuu Pierre Trudeau. Mjini Toronto, tarehe 11 Julai, watu wapatao 10,000 walimlaki katikati ya mji, na siku hiyo zilipatikana dola 100,000.

Kila siku alianza kukimbia kabla ya mapambazuko, akilenga kilomita 42, sawa na marathoni nzima. Alipata uvimbe wa kano, maumivu ya goti, vivimbe kwenye kigutu na kizunguzungu. Mara nyingi alikataa kupumzika, na hakwenda kupimwa mara kwa mara kama alivyotakiwa.

Mwezi Agosti, huko Terrace Bay, alikutana na mvulana wa miaka 10 aliyekuwa amekatwa mguu kwa saratani ya aina ileile. Wawili hao waliogelea pamoja ziwani, na mtoto huyo alimfuata nyuma kwa baiskeli kwa kitambo. Terry aliihesabu siku hiyo kuwa ya kumtia moyo kuliko zote za safari.

Kusimama

Tarehe 1 Septemba 1980, nje ya mji wa Thunder Bay, alipatwa na kikohozi na maumivu ya kifua. Kwa kuwa watu walikuwa bado wanamshangilia kando ya barabara, aliendelea mpaka walipokwisha, kisha akaingia garini na kuomba apelekwe hospitali. Kesho yake, akizuia machozi, aliwaambia waandishi wa habari kwamba saratani imeingia kwenye mapafu na kwamba lazima arudi nyumbani. Alikuwa amekimbia siku 143, na fedha zilizokusanywa zilikuwa dola milioni 1.7. Baadhi ya watu walijitolea kuimalizia safari hiyo kwa niaba yake, lakini alikataa, akitumaini kuimaliza mwenyewe.

Wiki moja baadaye televisheni ya CTV iliandaa kipindi maalumu kilichokusanya dola milioni 10.5. Mpaka Februari 1981 jumla ilizidi dola milioni 24, na hivyo ndoto ya dola moja kwa kila Mkanada ilitimia akiwa bado hai.

Terry alipewa tibakemikali kadhaa na dawa ya majaribio ya interferoni, bila mafanikio. Tarehe 19 Juni 1981 alilazwa tena akiwa na matatizo ya kifua, akapata nimonia na kupoteza fahamu. Alifariki alfajiri ya tarehe 28 Juni 1981, familia yake ikiwa kando yake. Serikali iliagiza bendera zipeperushwe nusu mlingoti kote nchini, heshima ambayo kwa kawaida hupewa viongozi wa taifa. Alizikwa Port Coquitlam.

Heshima

Mwezi Septemba 1980 alitunukiwa daraja la juu la Nishani ya Kanada, akiwa mtu mwenye umri mdogo kuliko wote waliowahi kulipata. Mwaka huohuo alipewa tuzo ya Lou Marsh ya mwanamichezo bora wa nchi. Mlima mmoja katika Milima ya Rocky, shule aliyosoma Port Coquitlam na barabara nyingi vilipewa jina lake. Sanamu yake ya shaba ilisimamishwa Thunder Bay, karibu na mahali aliposimamia. Mwaka 2004, katika kura ya televisheni ya kumtafuta Mkanada mkuu kuliko wote, alishika nafasi ya pili baada ya Tommy Douglas, na mwaka 2005 picha yake iliwekwa kwenye sarafu ya dola moja.

Urithi

Mbio za kwanza za kumkumbuka zilifanyika tarehe 13 Septemba 1981, zikiwa na washiriki zaidi ya 300,000. Hufanyika kila mwaka katika Kanada na nchi nyingine nyingi, bila mashindano, bila washindi na bila zawadi, na mtu anaweza kukimbia, kutembea, kupanda baiskeli au kusukumwa kwenye kiti cha magurudumu. Zimekusanya zaidi ya dola milioni 800 za Kanada. Mwaka 2007 ilianzishwa taasisi ya utafiti wa saratani yenye jina lake.

Mfano wake uliwavuta wengine. Steve Fonyo, aliyepoteza mguu kwa saratani, alikimbia kuivuka Kanada yote mwaka 1984 na 1985. Rick Hansen alizunguka nchi 34 kwa kiti cha magurudumu kati ya mwaka 1985 na 1987.

Matibabu ya osteosakoma nayo yamebadilika. Siku hizi wagonjwa wengi hupewa tibakemikali kabla na baada ya upasuaji, na mara nyingi madaktari huweza kuondoa mfupa wenye ugonjwa na kuweka wa chuma bila kuukata mguu. Wanaokatwa mguu hupata miguu bandia myepesi, na ipo iliyotengenezwa mahususi kwa kukimbia.

Hata hivyo wataalamu wa tiba ya utengemao hawamshauri kila mgonjwa afanye kama Terry. Mazoezi ya mgonjwa wa saratani hupangwa kulingana na aina ya ugonjwa, dawa anazotumia, hali ya moyo na mifupa yake, na huandamana na vipimo vya mara kwa mara. Kwa wengi lengo ni kupanda ngazi, kurudi kazini au kwenda sokoni bila msaada. Kinachobaki katika maisha ya Terry Fox ni ushahidi kwamba tiba ya saratani haiishii kwenye chumba cha upasuaji, na kwamba mtu aliyepewa nusu ya nafasi ya kuishi anaweza kuitumia kwa faida ya wale watakaougua baada yake.